Tanga Limeinama, Bado ni Pembetatu

Asubuhi moja nilikaa na mtoto wa kaka yangu kwenye ukingo wa gati la Lamu. Ana miaka minne na nusu, ameanza PP1, darasa la kwanza la elimu ya awali, mwaka huu. Maji yalikuwa yamejaa na mashua zilikuwa zikipita zimetweka, nyingine zikielekea Shela, nyingine zikivuka kwenda Manda. Nikamwambia, "Hebu nioneshe pembetatu." Akatazama huku na huku, akageuka kuyatazama maduka nyuma yetu, kisha akanijibu bila wasiwasi: "Ami, pembetatu iko shule. Mwalimu ameibandika ukutani."

Mbele yake palikuwa na matanga matano.

Mtoto hakukosea. Alisema kweli kadiri alivyofunzwa. Lakini jibu lake limenikaa moyoni, kwa sababu nimesomesha watoto wa umri wake kwa miaka mingi na najua wazi kwamba wanafunzi wangu nao wangenijibu vilevile. Tunampa mtoto umbo likiwa picha yenye jina lake chini. Hatumpi nafasi ya kulifanya. Na mtoto wa miaka minne, kitu ambacho mikono yake haijakifanya hukaa pale pale alipokiona mara ya kwanza, ukutani.

Itazame ile pembetatu ya ukutani. Imekaa sawasawa, upande mmoja umelala chini, ncha moja imesimama juu katikati, pande zote tatu zinalingana, nayo imepakwa rangi nyekundu. Tanga la mashua halikai hivyo hata siku moja. Upande wake mrefu umefungwa kwenye foromali iliyoinama, ule mti unaobeba tanga, pembe ya nyuma inavutwa na demani, kamba yake, na ncha moja imechongoka kuliko wenzake. Tena hewa ikiingia, tanga lote linafanya tumbo. Mtoto aliyeoneshwa pembetatu moja tu, imesimama namna moja tu, atajuaje kwamba hii iliyolala upande ni ndugu yake?

Waholanzi wawili, mume na mke, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, waliliandikia jambo hili tasnifu zao za udaktari mwaka 1957 huko Utrecht. Walieleza kwamba mtoto huanza kulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyomtambua bibi yake kwa mbali kwa mwendo wa buibui lake. Hahesabu pande wala pembe. Ukimwuliza kwa nini huu ni mraba, atakwambia, "Kwa sababu unafanana na mraba." Kuziona sifa za umbo, kwamba lina pande ngapi na pande hizo zinahusianaje, ni ngazi ya pili. Na walisisitiza jambo ambalo walimu wengi hatulitilii maanani: mtoto hapandi ngazi hiyo kwa kuongezeka umri tu. Anapandishwa na kazi anazopewa.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, Douglas Clements, Julie Sarama na wenzao, walichapisha matokeo ya kuwauliza watoto wa miaka minne hadi sita wachague maumbo kati ya michoro mingi. Duara karibu wote walilijua. Mraba wengi wao waliupata. Kwenye pembetatu na mstatili ndipo walipopotea, hasa umbo likiwa jembamba, limegeuzwa, au likifanana na pembetatu na huku upande wake mmoja umepinda. Nilipolisoma hilo nilikumbuka darasa langu. Nilikuwa nikiusimamisha mraba kwa ncha na watoto wanapiga kelele kwa pamoja: "Tiara!" Walikuwa na haki ya kuuita tiara, maana ndivyo tiara inavyosimama angani. Kosa lilikuwa langu kuwaambia "hapana" na kuendelea na somo.

Siku hizi ningefanya vingine. Ningewapa kila mmoja vipande viwili vya karatasi vya mraba vinavyolingana, rangi mbali mbali, wavilaze kimoja juu ya kingine mpaka vifichane. Halafu wakizungushe cha juu polepole, kwa kidole. Pembe za cha chini zinaanza kuchungulia, nne, na ghafla mtoto ana nyota ya ncha nane mkononi, ile inayopamba kazi za sanaa za Kiislamu kutoka Morocco hadi India. Nani sasa atamwambia kwamba cha juu kimeacha kuwa mraba? Amekizungusha mwenyewe. Anaweza kukirudisha.

Kinachoitwa sanaa katika madarasa mengi niliyoingia ni karatasi iliyochapishwa maumbo manne, na mtoto huambiwa apake duara rangi ya njano na mraba rangi ya buluu, asitoke nje ya mstari. Kazi ile inamfunza kushika kalamu na kutulia, na hayo yana faida yake. Umbo haimfunzi, kwa sababu umbo limeshafanywa na mtu mzima. Mara nyingine mwalimu huwa na nia njema zaidi: anakesha akikata pembetatu na miraba ya manila, asubuhi watoto wanagundisha nyumba, paa la pembetatu na ukuta wa mraba. Nyumba thelathini zinatundikwa, zote sawa, wazazi wanafurahi. Aliyejifunza maumbo usiku ule ni mwalimu. Yeye ndiye aliyekunja, akapima, akakata, akakosea, akakata tena.

Kwa hiyo nikiingia darasani na kuona kazi nzuri ukutani, siku hizi huuliza kwanza ni nani aliyekata.

Nataka nizungumze kidogo juu ya kofia, maana sijaona kifaa bora cha somo hili katika mji wetu. Ichukue kofia ya mkono iliyochakaa, ya baba au ya babu, ambayo haivaliki tena. Ifumue mshono wa juu. Inabaki vipande viwili: kimoja cha kufunika utosi, duara au karibu na duara, na kingine kirefu cha kuzunguka kichwa, ambacho kikilazwa mezani ni mstatili mwembamba. Watoto niliowaonesha hawakuamini. Walikuwa wameviona vichwa vya wazee wao maisha yao yote na hawakujua kwamba ndani ya kofia mmejificha mstatili.

Kisha wape karatasi ngumu na gundi ya unga wa ngano, watengeneze kofia zao. Hapo usiwaambie kitu. Watakata duara, watakata utepe, watauzungusha, na utepe hautafika. Kila mara haufiki. Mtoto hudhani kwamba ukiwa na upana wa duara mara mbili, umemaliza, umezunguka. Anajaribu, pengo linabaki, anaunganisha kipande, bado pengo, anaunganisha tena. Kila fundi anayeshona kofia barazani anajua kwamba utepe unataka upana wa duara mara tatu na kidogo zaidi. Hajui kwamba "kidogo zaidi" hiyo imewashughulisha wanahesabu kwa maelfu ya miaka, na mtoto wa PP2 hana haja ya kuambiwa hivyo. Anachohitaji ni lile pengo. Vidole vyake vimeshajua kwamba safari ya kulizunguka duara ni ndefu kuliko macho yanavyodhani, na miaka kadhaa baadaye, hesabu ya mzingo ikifika ubaoni, itamkuta na kumbukumbu.

Jikoni nako kuna darasa. Manda ya sambusa ni utepe mrefu, na mama anapoukunja, kona kwa kona, pembetatu inajizaa juu ya pembetatu. Mpe mtoto utepe wa karatasi badala ya manda na mfuko wake utakunjika vilevile. Mahamri, kwa upande wake, yanataka uangalifu. Tumezoea kuyaita pembetatu. Lakini donge likisukumwa kuwa duara na kukatwa mara mbili kwa msalaba, kila kipande kina pande mbili zilizonyooka na mmoja uliopinda. Mtoto mmoja wa kike aliwahi kupitisha kidole kwenye unga wa kuchezea tuliokuwa tumeukata hivyo, akasimama, akaniambia, "Mwalimu, hapa imepinda, haijanyooka." Alikuwa ameona kitu ambacho mimi, mtu mzima, nilikuwa nimekiruka. Umbo linalokaribia kuwa pembetatu lakini si lenyewe linafunza kuliko pembetatu kumi safi, kwa sababu linamlazimisha mtoto kutafuta nini kimekosekana.

Duara tunalipita haraka kwa kuwa watoto wanalijua mapema. Wanalijua sura. Hawalijui tabia. Seremala wa milango anapotaka kuchonga ua kwenye ubao hutumia bikari, au hupiga msumari, akafunga uzi, akavuta penseli. Maji yakitoka, wapeleke watoto ufukweni na kigingi na kamba. Mmoja ashike kigingi, mwingine aivute kamba mpaka ikaze, atembee huku anachora mchangani kwa kijiti. Akiilegeza kamba, mstari unaingia ndani na wenzake wanampigia kelele. Hakuna picha ya ukutani inayoweza kusema kile kamba inachosema: kila mahali pa mstari huu pako mbali sawasawa na kigingi.

Na kuna vijiti vya chelewa, ile miti ya katikati ya majani ya mnazi. Vikate vipande vifupi, viungane kwa madonge ya unga au kwa dengu zilizolowekwa usiku. Mtoto atafanya mraba, ataufurahia, kisha atausukuma pembeni kwa kidole nao utalala upande. Vijiti ni vilevile vinne, lakini umbo limebadilika. Ajaribu sasa na vijiti vitatu. Asukume atakavyo, pembetatu haiyumbi, itavunjika kabla ya kuinama. Ndiyo sababu waezekaji hufunga miti ya paa kwa pembetatu, na ukimwonesha mtoto paa la makuti baada ya mchezo huo, atalitazama kwa jicho jingine.

Mchezo huu wa vijiti na nafaka sikuubuni mimi. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837 na baadaye akaiita bustani ya watoto, aliwapa watoto vijiti na njegere zilizolainishwa. Aliwapa mipira ya sufu, kisha tufe, mchemraba na mcheduara vya mbao. Na katika kazi za mikono alizozipangia siku yao mlikuwamo kukunja karatasi na kusuka. Kusuka! Mwalimu wa Ulaya ya karne ya 19 aliona kwamba mtoto anayepitisha utepe juu, chini, juu, chini anajifunza kitu kikubwa, akakiingiza kwenye ratiba. Kwetu miyaa ilikuwa inasukwa ukili nyumbani kabla yake, na bado inasukwa kijijini Matondoni na kwingineko. Ukili ni utepe. Ukishonwa ubavu kwa ubavu unatoa mkeka, ukizungushwa unatoa kikapu, ukizungushwa huku unabanwa kuelekea juu unatoa kawa ya kufunikia chakula. Utepe mmoja, maumbo matatu. Sisi tumekiacha hicho nyumbani na kuingia darasani na chati.

Lugha yenyewe inatuambia maumbo yalitoka wapi. Neno la kitabuni la umbo lenye kitako cha duara na ncha moja ni pia, na pia ni kile kidude cha mti ambacho watoto hukizungusha kwa kamba. Pembe ya hesabu ni pembe ya ng'ombe. Waliounda istilahi hizi walikwenda kwanza kwa watoto na kwa wafugaji, ndipo wakarudi na maneno. Mtoto aliyewahi kuizungusha pia ameshapewa nusu ya somo. Inasikitisha kumkuta mtoto wa darasa la tano anakariri "pia" kama neno geni.

Wazazi wana hoja zao na sizipuuzi. Mama mmoja aliwahi kuja kwangu na daftari tupu la mwanawe mkononi: "Mwalimu, mwezi mzima mtoto anacheza na unga. Atajua kusoma lini?" Daftari ndilo ushahidi alio nao kwamba ada yake haipotei. Nilikosea kumjibu kwa maneno. Ningemwita akae dakika kumi na mwanawe, amwombe atengeneze umbo lenye pande nne kwa vijiti, kisha amwulize ametambuaje kwamba ni nne. Mzazi anayesikia mtoto wake akitoa sababu haulizi tena habari ya daftari.

Walimu nao wanalalamika juu ya wingi wa watoto. Hoja hiyo ni nzito kuliko ya wazazi. Huwezi kuwapa watoto hamsini gundi kwa wakati mmoja na ukabaki na darasa. Wagawe: kumi wawe kwenye kazi ya mikono, waliobaki wawe na msaidizi kwenye hadithi au nje mchangani, kisha wabadilishane siku ya pili. Kila mtoto atapata zamu moja kwa wiki, na hiyo inatosha kuliko tano za kupaka rangi.

Kuhusu vifaa, nitakuwa mkali kidogo. Chelewa, mchanga, kamba, makasha ya karatasi, ndara zilizokatika, vyote hivi Lamu havinunuliwi. Ndara na taka za plastiki zilizookotwa fukweni ndizo zilizotumika kuunda lile jahazi la Flipflopi hapa kwetu, likashushwa majini mwaka 2018. Sembuse mtoto kukata kwenye ndara mraba na pembetatu za kupigia chapa kwa rangi? Kitu ambacho kweli kinakosekana ni mikasi. Mikasi midogo, butu kwenye ncha, inayokata karatasi na haikati kidole. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, elimu ya awali iko mikononi mwa kaunti, na kaunti inayoweza kununua chati za plastiki inaweza kununua mikasi. Mpaka ifike, PP1 wanaweza kukunja na kurarua kwa kufuata mkunjo. Kurarua kwa mkunjo ni kazi ngumu kwa vidole vya miaka minne, nayo inatoa mstari ulionyooka.

Kuna jambo jingine ambalo lingegharimu kidogo sana. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mikono ya mafundi ni sehemu ya sababu hiyo. Watalii wanaletwa kuitazama milango ya nakshi na zidaka za chokaa, vile vishubaka vya ukutani. Vyumba virefu vyembamba vya nyumba za mawe vinaelezwa kwa wageni, kwamba boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana wake. Watoto wa PP2 waletwe pia. Fundi mmoja, muhula mmoja, asubuhi moja, na kila mtoto ashike kipande cha mbao. Sizungumzii ziara ya kupanga foleni na kupigwa picha.

Lakini nisieleweke kwamba mikono peke yake inatosha. Mtoto anaweza kukaa siku nzima akibandika vifuniko vya chupa na asijifunze lolote juu ya umbo zaidi ya kwamba gundi inanata. Tumewaona. Kinachougeuza mchezo kuwa somo ni swali la mwalimu wakati mikono bado inafanya kazi. "Umejuaje?" "Nikiligeuza hivi?" "Ukikata hapa yatatoka maumbo gani?" Na baada ya swali, kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mwalimu aliyezoea kuambiwa kwamba kazi yake ni kusema anaona sekunde kumi za kimya kuwa ni upotevu wa wakati. Jina la umbo nalo lisiharakishwe, lije mtoto anapolihitaji ili amwelekeze mwenzake: "Nipe ile, ile ya pembe tatu." Hapo neno limepata kazi, halitasahaulika.

Jambo moja dogo la kuepuka: tusimwambie mtoto kwamba mraba si mstatili. Hana haja ya kujua leo kwamba mraba ni aina ya mstatili, ila tukimfunza kinyume chake tutakuwa tumempa kitu ambacho mwalimu wa baadaye atalazimika kukifumua.

Sasa kuna fomu za tathmini. Mtaala wa umilisi unasema umekuja kupima anachoweza mtoto, na kwa maandishi hilo ni sahihi. Lakini nimeona jinsi kipengele cha maumbo kinavyojazwa: mwalimu ananyoosha kidole kwenye chati, mtoto anataja majina manne, alama inawekwa, anaitwa mwingine. Mtoto wa kaka yangu angefaulu vizuri sana tathmini hiyo. Ningependa tathmini iwe utepe wa karatasi. Mpe, mwambie atengeneze chochote, kisha akueleze alichotengeneza kina nini.

Nilimpa yeye utepe wiki chache baada ya siku ile ya gati, tukakunja sambusa. Ya kwanza ilifunguka, ya pili ikakaza. Baadaye aliichoka, akaikunjua yote juu ya mkeka, akaona mikunjo imeandika safu nzima ya pembetatu kutoka mwanzo wa karatasi hadi mwisho, moja imesimama, inayofuata imepinduka. Akaanza kuzihesabu kwa kidole. Alifika nne akapotea, akarudi mwanzo. Mara ya pili alifika saba. Zilizopinduka alikuwa amezihesabu zote.